Jinsi ya kuingia Broadway ya 1859 kwa macho yako mwenyewe: picha pacha, miwani ya kusomea na kipande cha boksi

Kuna picha ya Broadway, New York, imepigwa 1859 siku ya mvua. Barabara imelowa inang'aa, watu wana miamvuli, magari ya farasi yamejaa huku na huku. Ukiiona kwenye simu kwa mara ya kwanza utasema mbona ya kawaida tu, rangi ya chai ya maziwa, watu kama sisimizi, afu imewekwa mara mbili kama mtu aliyekosea kupesti. Mimi nilisema hivyohivyo nikaipita. Siku nyingine nikaiangalia vile inavyotakiwa kuangaliwa, na aisee, ule msongamano wote ukaachana, kila mtu akapata mahali pake pa kusimama, huyu mbele ya yule, farasi katikati, na nyuma yao barabara inaendelea kwenda zake.

Sasa hapa naeleza jinsi ya kufika hapo bila kununua kifaa chochote cha maana. Mahitaji: simu au printa ya steshenari, miwani ya kusomea ya mtu mzima yeyote nyumbani (ya namba kubwa, +3 kwenda juu), kipande cha boksi, mkasi, rula. Na uvumilivu wa kama dakika kumi, hiyo haiuzwi.

Kwanza elewa kwa nini ziko mbili

Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho la kushoto, fungua, funga la kulia. Kidole kinaruka, si ndio? Kila jicho linaona kutoka sehemu yake, yameachana kama sentimita sita na kitu, na ubongo unachukua ule utofauti mdogo unaufanya kuwa umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza hili mwaka 1838, akatengeneza kifaa cha vioo, akipa kila jicho mchoro wake (michoro, maana picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa). Baadaye David Brewster akaja na kile cha lenzi, 1849, kikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya London 1851, Malkia Victoria akakipenda, basi tena, kila mwenye sebule akakitaka. Marekani daktari mmoja wa Boston, Oliver Wendell Holmes, akabuni 1861 kile chepesi cha kushika mkononi, kina mpini chini na waya mbele wa kukalisha kadi, na hakukichukulia hataza, kwa hiyo kila fundi alikitengeneza bila kumlipa chochote.

Kwa hiyo kadi ya picha pacha ina picha ya jicho la kushoto upande wa kushoto na ya kulia upande wa kulia. Kariri hilo, litakuja kukuokoa huko mbele.

Hatua ya 1: tafuta picha, na usichukue ya kwanza unayoiona

Ziko bure. Maktaba ya umma ya New York ina mkusanyiko wa Robert N. Dennis, maelfu kwa maelfu ya kadi zimeskaniwa. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo inazo, na jumba la makumbusho la Metropolitan vilevile. Andika jina la mtaa, Broadway, pamoja na jina Anthony.

Huyu Edward Anthony ndo mtu wako. Alisomea uhandisi, akageukia picha, na kampuni yake ilikuwa Broadway palepale ikiuza vifaa vya kupigia picha pamoja na picha zenyewe, kaka mtu akiwa Henry aliyejiunga naye. Mwaka 1859 wakaanza kutoa picha za mitaa walizoziita za papo hapo, na hilo jina lilikuwa na uzito wake. Kabla ya hapo mtaa wenye watu ulikuwa karibu haupigiki. Mfaransa Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipiga boulevard du Temple ya Paris mwaka 1838, mtaa wa watu na magari, picha ikatoka tupu kama kuna amri ya kutotoka nje, kwa sababu kamera ilikaa wazi dakika kadhaa na kila aliyekuwa anatembea alifutika. Anayeonekana vizuri ni jamaa mmoja tu kwa vile alikuwa amesimama anang'arishiwa viatu.

Miaka ishirini mbele, kadi za Anthony zina watu hatua ikiwa hewani. Siri yake ilikuwa udogo. Picha pacha ni ndogo, zinatumia lenzi fupi inayoingiza mwanga mwingi, kwa hiyo kamera inaweza kufunguka na kufunga chapchap. Edinburgh, Uskochi, naye mpigapicha George Washington Wilson alikuwa anafanya kitu hichohicho mwaka uleule. Na hawa hawakuwa na filamu, jamani. Ilikuwa kioo kinamwagiwa dawa, kinachovywa kwenye maji ya fedha, kinaingizwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, na kisafishwe ndani ya dakika chache kabla hakijakauka. Chumba cha giza lazima kiwe palepale.

Chagua faili kubwa kuliko zote wanazokupa. Usipige skrinshoti, skrinshoti inaua kila kitu ulichokifuata, utaishia kuona ukungu wa pande tatu. Na chagua picha yenye kitu karibu, nguzo ya taa, bendera, paa la gari la farasi, maana kitu cha karibu ndicho kinachokupa ngazi ya kushukia chini mtaani, vya mbali sana vyote vinalala bapa kama pazia.

Hatua ya 2: vipimo (hapa ndipo nilipolia)

Mara ya kwanza nilipeleka faili steshenari fulani, nikasema niprintie hii, yule kijana kwa moyo mzuri kabisa akaikuza ijae A4. Ilitoka nzuri. Nikakaa nayo jioni nzima nakodoa macho mpaka kichwa kikaanza kugonga, hakuna kilichoungana. Tatizo ni kwamba macho yanaweza kwenda sambamba au kukutana, lakini kuachana kwenda nje hayawezi, na picha mbili zilizo mbali kuliko macho yako zinayadai yaachane.

Kwa hiyo chukua rula. Tafuta kitu kimoja kinachoonekana pande zote mbili, mfano ncha ya nguzo ileile, pima kutoka nguzo ya kushoto mpaka ya kulia. Kwa kuangalia bila stereoskopu (kile kifaa cha lenzi cha kina Brewster na Holmes) iwe sentimita 6, ikipungua kidogo sio mbaya, ikizidi 6 na nusu utateseka. Picha nzima itakuwa na upana wa kama sentimita 12 tu, ndio, ni ndogo, usijali. Kadi zenyewe za zamani zina upana wa karibu sentimita 18 lakini zile ziliangaliwa kupitia lenzi zilizokatwa nusu zinazopinda mwanga, wewe huna.

Mwambie mtu wa printa asiiache mashine ikuze yenyewe kujaza karatasi, akuandikie vipimo. Karatasi ya picha inayong'aa ni bora. Ile ya kawaida ya fotokopi inaleta vitone angani na jicho linavishika vitone badala ya kushika mtaa.

Kwa simu ni rahisi zaidi. Laza simu, zuia skrini isijizungushe, fungua picha kisha punguza kwa vidole viwili mpaka rula iseme 6. Mwanga wa skrini juu.

Hatua ya 3: kuona

Vaa miwani ya kusomea. Miwani ya nini na wewe unaona vizuri? Kwa sababu tunataka macho yatulie kama yanaangalia mbali, lakini karatasi iko karibu, na jicho likitulia hivyo la karibu linakuwa ukungu. Miwani ya +3.5 inaondoa ukungu huo kwenye umbali wa kama sentimita 28. Ya +3 ni sentimita 33 hivi. Ukivaa miwani yako ya kila siku ya kuonea mbali, vaa ya kusomea juu yake, utachekesha lakini inafanya kazi.

Kata boksi kipande kirefu cha kutosha kutoka puani hadi kwenye picha, kiweke katikati kama ukuta, jicho la kushoto lione picha ya kushoto tu na la kulia ya kulia tu. Sasa usiiangalie picha. Najua ni ushauri wa ajabu. Angalia *kupitia* picha, kama vile karatasi ni dirisha na kuna mlima nyuma yake unautafuta. Picha mbili zitaanza kusogeleana, zitagongana, zitapishana kidogo, acha zifanye fujo zao, usizilazimishe. Ghafla zitashikana. Kuna mshtuko mdogo hapo, kama sikio linapozibuka ukishuka mlima kwenye basi.

Zisiposhikana, angalia karatasi haijainama upande mmoja, hata kidogo tu inatosha kuharibu. Bado? Pumzika, rudi baada ya chai. Macho yakiuma acha, hakuna zawadi.

Kama una lile boksi la VR la kuwekea simu, tumia hilo, linafaa kabisa, utabaki na kazi ya kusogeza picha tu mpaka ikae katikati.

Sasa kuna wale wanaojua kupishanisha macho, makengeza ya makusudi. Mkifanya hivyo kwenye kadi hizi bila kubadilisha upande, kushoto kwenda kulia, mnapata mtaa uliopinduliwa ndani nje. Nimewahi kuuona. Majengo yamekuja mbele, watu wamekuwa mashimo yenye umbo la watu, farasi ni kama pango. Ni kitu cha kuotea usiku. Badilisheni pande kwanza.

Hatua ya 4: tembea mtaani taratibu

Ukishaingia usitoke haraka. Macho yakishazoea unaweza kuyazungusha ndani ya picha bila kupoteza.

Anza na miguu. Wanaokuja kuelekea kamera au wanaoenda mbali wako safi, wanaokatiza barabara wana ukungu, maana anayekatiza anasafiri upana mkubwa zaidi kwenye kioo kwa muda uleule. Farasi mwili umetulia miguu haipo, imekuwa moshi. Ndo maana wapigapicha walipanda kwenye madirisha ya juu wakalenga kwa urefu wa barabara, kule watu wengi wanakuja au wanaondoka, wachache wanakatiza, na vyote viko mbali kidogo. Sio kwamba walipenda mandhari ya juu.

Holmes yule wa stereoskopu aliiangalia miguu hii kwa lenzi na 1863 akaandika kuhusu jinsi binadamu anavyotembea hasa, hatua ambazo jicho haliziwahi na wachoraji walikuwa hawajawahi kuzichora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vinaendelea, wanajeshi wanakatwa miguu, na makala ile ilikuwa inahusu miguu ya bandia. Mimi kila nikimwona jamaa wa kofia ndefu kisigino kikiwa kimeinuka nakumbuka hilo.

Kisha nenda kwenye omnibasi, zile karandinga za farasi zilizojaa katikati. Dereva amekaa juu peke yake. Usitafute konda, hayupo. Mlango uko nyuma, abiria anapanda mwenyewe, nauli anaipitisha kwenye tundu la darini kwa dereva, na akitaka kushuka anavuta mkanda ambao upande wa pili umefungwa kwenye mguu wa dereva. Kwenye mguu! Sasa fikiria abiria watatu wanashuka vituo tofauti na kila mmoja anauvuta kwa hasira zake. Kwa picha bapa ile omnibasi ni boksi jeupe tu, kwa picha pacha unaona dereva yuko juu kiasi gani na upenyo aliopewa na gari la mbele ni mdogo kiasi gani, na hapo ndo unaelewa kwamba foleni ya Broadway ilikuwa foleni kwelikweli, hakuna taa za barabarani, hakuna upande wa kwenda wala kurudi unaoheshimiwa sana.

Malizia na mabango. Kwenye faili kubwa yanasomeka, majina ya maduka, kofia, picha, na hayo ni dhahabu kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 5: ipe mwaka

Maandishi ya kwenye kadi yanasaidia lakini yasikutawale, kadi ilichapwa upya miaka na miaka, na wengine waliiba picha za wenzao wakazipiga picha upya wakauza (zile utazijua, nyeusi imekolea, nyeupe imeungua, sura za watu hazipo). Kadi inakupa umri wa kadi, mtaa unakupa umri wa picha.

Kadi kwanza. Bapa yenye kona kali za mraba ni ya zamani, miaka ya 1850 na 1860, kona za mviringo zinaanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1860. Ikiwa imepinda kama kigae, hiyo ni kuanzia karibu 1880. Geuza nyuma, ukiona stempu ya kodi ya serikali ya Marekani imebandikwa, umepata bahati, kodi ile ilianza 1 Septemba 1864 ikafutwa 1 Agosti 1866, hapo kadi imejitaja yenyewe iliuzwa lini.

Mtaa sasa. Kwa Broadway ya chini (upande wa kusini) angalia kona ya Ann Street. Makumbusho ya Barnum, yule mfanyabiashara wa maonyesho ya ajabu, yenye bendera nyingi juu yakiwepo, picha ni kabla ya 13 Julai 1865, siku ile yaliungua. Ukikuta daraja la chuma la waenda kwa miguu limevuka barabara pale Fulton Street, shukuru, lilijengwa 1867 likabomolewa 1868, maana wenye maduka walilipigia kelele. Lenyewe lilijengwa kwa sababu watu walishindwa kuvuka, linakwambia kila kitu kuhusu foleni niliyoitaja. Tazama chini, kama hakuna reli, ni kabla ya 1885, Broadway hii ilikataa tramu za farasi muda mrefu wakati mitaa ya pembeni inazo. Tazama juu, nyaya zikiwa zimejaa mpaka anga limekuwa kama chandarua, uko miaka ya 1880, maana baada ya ile dhoruba ya theluji ya Machi 1888 iliyoziangusha, jiji lilianza kukata nguzo mwaka uliofuata nyaya zikaenda chini ya ardhi. Na zile nyaya, nakwambia, ndani ya picha pacha zinaning'inia mbele ya pua yako, utataka kuzisogeza kwa mkono.

Mnara wa kanisa la Trinity usikudanganye, upo tangu 1846, kila picha unao.

Na kama macho yako hayaunganishi kabisa

Wapo wengi, kwa sababu ya makengeza, au jicho moja halioni, na hakuna miwani itakayobadilisha hilo. Shangazi yangu ni mmoja wao, jicho la kushoto lilipotea utotoni, na nilivyokuwa namsifia hii kitu alikuwa ananiangalia tu kwa huruma.

Fanya hivi. Kata picha mbili ziwe faili mbili, zilinganishe kwa kitu cha umbali wa katikati (nguzo ileile ikae sehemu ileile kwenye zote), ziweke zikifuatana kwenye simu, kisha zibadilishe kwa kidole mbele nyuma mbele nyuma, haraka. Vya karibu vitacheza upande mmoja, vya mbali upande mwingine, na umbali unaonekana kwa jicho moja.

Njia hii pia ni kipimo cha ukweli. Kamera ya lenzi mbili ilikamata pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu aliyepo kushoto yupo na kulia na mguu wake uko vilevile. Ukiona mtu anatokea upande mmoja tu katikati ya barabara, au gari limesogea kuliko majirani zake, basi aliyepiga alitumia lenzi moja, akapiga, akasogeza kamera, akapiga tena, na mtaa haukumsubiri.

Nilimpa shangazi simu nikamwonyesha jinsi ya kupeleka kidole. Akapeleka huku na huku kama anapiga pasi, kimya, labda dakika mbili nzima. Afu akasema, "Mwanangu, huyu wa mwavuli asipoangalia farasi huyu wa nyuma anamkanyaga." Nikaichukua nikaangalia tena kwa miwani. Ni kweli, farasi yuko hatua moja nyuma yake. Nilikuwa nayo wiki tatu sijamwona.